Musiba ukifika Fizi: mukwe anaomba viza, mutoto anabaki Marekani

Simu ililia saa saba usiku katika muji wa Lexington, jimbo la Kentucky, Marekani. Kule Baraka, katika teritware ya Fizi, ilikuwa saa moja ya asubuhi na jua limekwisha kupanda. Bibi ndiye aliyepokea, kwani bwana alikuwa kazini, katika depo ya bidhaa ambako anafanya zamu ya usiku. Habari ilikuwa fupi: mama mukwe amefariki. Bibi hakumupigia bwana simu. Alikaa jikoni mupaka asubuhi, akangoja asikie gari nje, ili amwambie uso kwa uso.

Hiyo ilikuwa mwaka 2023. Kilichofuata ndicho kinachostahili kuwasumbua wabunge wa Kinshasa. Bwana, ambaye kisheria angali Mukongomani, hakuweza kwenda kumulilia mama yake. Aliyekwenda ni bibi, ambaye kufwatana na sheria za Kongo si Mukongomani tena. Na yeye alipaswa kwanza kuomba viza, kama mutalii anayekwenda kutazama ngagi wa Kahuzi-Biega.

Majina ya watu hawa hayahitajiki, maana kisa chao ni mufano tu. Kule Lexington, Louisville, Dallas ao Phoenix, nyumba zinazofanana na yao ni nyingi, na msomaji wa Uvira ao wa Bukavu hatakosa kumutambua ndugu yake ndani yake.

Safari ya kwanza ilikuwa ya mukopo

Wote wawili walizaliwa Fizi. Vita vilipowaka tena mwezi wa nane 1998, kila mumoja alivuka ziwa Tanganyika pamoja na wazazi wake, wakafika Kigoma na kikapu kimoja cha vyombo. Walijuana katika kambi la Nyarugusu, lililofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongomani. Waliona ndoa humo, na watoto wao wawili wa kwanza walizaliwa humo. Kambini walikula mahindi na maharagi ya kugawiwa, na mutu hakutoka bila kibali. Mama ya bwana alichoka. Mwaka 2005, HCR ilipoanza kurudisha wakimbizi kwa meli kutoka Kigoma, wengi walishukia Baraka, naye alikuwa mumoja wa waliokata shauri kurudi. Alitaka kufia kwao. Mutoto wake alibaki kambini, akisema atamufuata amani ikikomaa.

Amani haikukomaa. Kilichokuja ni jina lao kwenye orodha ya watu wa kwenda Marekani. Mwaka 2016 walipanda ndege na watoto wao, wakishika ule mufuko mweupe wa plastiki wenye alama ya OIM, ambamo karatasi zote za mukimbizi huwekwa.

Kuna jambo ambalo watu wengi Baraka hawalijui. Tiketi za safari ile si zawadi. Mukimbizi anayepelekwa Marekani husaini kwanza karatasi ya mukopo wa tiketi. Mukopo huo hauna faida juu yake, lakini unalipwa kila mwezi, na bili ya kwanza hufika miezi sita hivi kisha mutu kufika. Kwa familia ya watu wane ni maelfu ya dola. Basi wakati ndugu walikuwa wakishangilia kwamba «mutoto wetu amefika Ulaya» (kwa maana huku kila inchi ya wazungu ni Ulaya), mutoto huyo alikuwa anaanza maisha na deni la ndege.

Nyumba ya watu wasiokutana

Maisha ya kila siku ya bwana na bibi hawa yanafaa kuelezwa bila sukari. Bwana anatoka nyumbani jioni na kurudi asubuhi. Bibi anafanya usafi katika hoteli, anatoka saa kumi na mbili na nusu ya asubuhi. Wanapishana mulangoni. Siku nyingine hawaongei kitu zaidi ya «Mutoto alikohoa usiku» na «Bili ya umeme iko juu ya meza». Hakuna mama mukubwa wa kuachia mutoto, hakuna jirani wa kuitwa nyuma ya ukuta. Ndiyo sababu walichagua zamu mbili: mutu mumoja lazima abaki na watoto, hata kama amelala.

Bila gari, mutu wa Lexington hawezi kufanya kazi wala kwenda kwa daktari. Kwa hiyo deni la pili lilikuwa la gari. Mwezi wa kwanza ukifika, baridi inashuka chini ya sufuri, na bwana anakwangua barafu kwenye kioo kabla ya kuwasha mashine. Siku ya Posho bibi anakwenda kwenye duka la Waafrika kununua sombe iliyogandishwa na ndagala wakavu, ambao wamesafiri mbali kuliko yeye. Siku ya Mungu wako kanisani, na ibada ni ya Kiswahili. Watoto wanajibu kwa Kiingereza wanapoulizwa kwa Kibembe.

Safari zao za starehe zinahesabika kwa vidole vya mukono mumoja. Wamekwenda Louisville mara kadhaa, kwa ndoa na kwa matanga. Mara moja, mwaka 2019, waliendesha gari zaidi ya kilometa 500 mupaka Chicago kumutembelea ndugu. Walisimama kando ya ziwa Michigan, ng'ambo yake haionekani, na bibi akasema ni Tanganyika iliyonyanganywa milima. Walipiga picha. Picha hiyo ilifika Baraka jioni ileile, na kabla ya siku tatu kupita walikuwa wamepokea maombi mane: minervali ya sekondari, bati za nyumba, dawa ya hospitali, na nauli ya kijana mumoja anayetaka naye kusafiri.

Hapa kuna kosa la pande mbili. Walio ngambo wanatuma picha ya ziwa, hawatumi picha ya barafu ao ya bili. Walio nyumbani wanapenda kuamini picha, kwa sababu ukweli ungewanyima matumaini. Lakini hata pamoja na uongo huo mudogo wa picha, jambo moja ni hakika: kila mwezi bwana na bibi hawa wanatuma kitu. Mama alikula na kutibiwa Baraka kwa mushahara wa usiku wa Kentucky. Sheria ya Kongo haina haja ya kuwauliza kama wanapenda inchi yao. Jibu liko kwenye risiti za kutuma feza.

Fungo la karatasi

Mutu aliyepokelewa Marekani kama mukimbizi anaweza, kisha miaka mitano, kuomba uraia. Anafanya mutihani wa Kiingereza na wa historia na serikali. Mwaka 2022 bibi alilipa dola 725, akaulizwa maswali, akapita. Kazi ya hotelini ilikuwa imemufundisha luga. Watoto waliozaliwa Nyarugusu, kwa kuwa hawajafika miaka 18, wakawa Wamarekani siku ileile pamoja na mama yao. Bwana hakupita. Mutu anayefanya kazi usiku kati ya mashine hazungumzi na mutu, na luga haiingii.

Hivyo, katika nyumba moja, kukawa na karatasi za aina mbili. Na musiba ulipokuja, karatasi hizo zikaonyesha meno.

Bwana alikuwa na hati ya safari ya mukimbizi. Hati ya namna hiyo imetokana na Mapatano ya Geneva ya mwaka 1951. Inafungua milango ya inchi nyingi, lakini si kwa kurudi katika inchi ambayo mutu aliikimbia. Akirudi huko, anaweza kuulizwa kama kweli angali anahitaji ulinzi, na yote aliyojenga yanaingia hatarini. Njia ya kutoka katika fungo hilo ni kupata uraia wa Marekani. Lakini siku atakapoupata, sheria ya Kongo itamufuta.

Maneno ni hayo, na msomaji ayasome mara mbili: bwana huyu akibaki Mukongomani, hawezi kurudi Kongo bila kujihatarisha. Akitaka kurudi Kongo bila woga, ni lazima kwanza aache kuwa Mukongomani.

Katiba ya tarehe 18 mwezi wa pili 2006, katika kifungu cha 10, inasema uraia wa Kongo ni mumoja na haushikwi pamoja na mwingine wowote. Sheria ya uraia ya mwezi wa kumi na moja 2004 ilikuwa imekwisha kusema vilevile: Mukongomani anayechukua uraia wa kigeni anapoteza ule wa Kongo. Hakuna barua anayopokea, hakuna tribinali inayomuita. Inatokea yenyewe. Marekani, kwa upande wake, ilimwapisha bibi utii kwa inchi mupya, lakini haifuatilii kama inchi ya kwanza inaendelea kumuhesabu kati ya raia wake. Kamba ilikatwa upande wa Kongo. Ajabu ni kwamba kifungu hichohicho cha 10 kinasema Mukongomani wa asili ni mutu wa makabila ambayo watu na ardhi yao vilikuwa sehemu ya Kongo siku ya uhuru. Bibi huyu ni Mubembe wa Fizi. Asili yake haikuhama alipopanda ndege.

Basi bibi akaomba viza, akatuma pasipoti yake ya bluu pamoja na karatasi za kueleza sababu ya safari. Maiti haingojei viza. Mama alizikwa. Bibi alifika kisha siku nyingi, akapitia Bujumbura, akavuka Gatumba na kufika Kavimvira, akapanga mustari wa wageni na kadi yake ya chanjo ya homa ya manjano mukononi, nyuma yake wamama wa Uvira wanapita na mizigo ya mboga. Alipoulizwa anakwenda kwa nani, alijibu kwa Kiswahili cha Uvira. Hakuna aliyemutendea vibaya. Ofisa alitumikisha sheria tu, na tatizo liko katika sheria yenyewe.

Alifika Baraka kwa ajili ya kuondoa matanga. Alisimama mahali pa bwana yake, yeye mukwe, akasema maneno ambayo mutoto wa kiume alipaswa kusema. Bwana alifuata kwa simu, connexion ikikatika kila mara.

Na parsele?

Mama aliacha parsele. Hapa watu wengi wa ngambo wanajidanganya. Kufwatana na sheria ya ardhi ya mwaka 1973, ile haki ya kudumu juu ya parsele, ambayo mutu anaiacha kwa watoto wake, inatolewa kwa mutu mwenye uraia wa Kongo. Mugeni anaweza tu kupewa haki ya muda, ya miaka 25 inayoweza kurudiliwa. Mutu anayetuma dola 50 kwa mwezi ili kujenga kwao anapaswa kujua kwamba siku atakapoapa uraia mwingine, anakuwa mugeni mbele ya karatasi za parsele pia. Ndiyo sababu wengi wanaandikisha nyumba kwa jina la ndugu, na ndiyo sababu kesi nyingi za familia zinaanza siku ndugu huyo anapoamua kwamba nyumba ni yake.

Woga wa Mashariki si wa bure

Kuna watakaosema: kufungua uraia ni kufungua mulango kwa adui. Katika Kivu woga huo hautokani na hewani. Sheria ya mwaka 1972 iligawa uraia kwa mukupuo kwa watu waliotoka Rwanda na Burundi kabla ya 1950. Sheria ya 1981 ikaufuta kwa mukupuo vilevile. Kati ya kalamu hizo mbili watu walichukiana, na vita vilivyofuata vilijua kutumia chuki hiyo. Mutu wa Masisi ao wa Minembwe, wa upande wowote, anaposikia neno «uraia» anafikiri juu ya damu, si juu ya pasipoti. Anayemucheka hajaishi huku.

Lakini maswali mawili yasichanganywe. Moja ni: nani apewe uraia wa Kongo ambao hakuwa nao? La pili ni: yule aliyekuwa nao, akaupoteza kwa sababu alikimbia vita, atapitia njia gani kurudi kwa wazazi wake? Bibi wa Lexington haombi kitu kipya. Anaomba asifungiwe nje ya nyumba alimozaliwa.

Na kama sheria hii ingekuwa kweli ngao ya inchi, ingewapiga kwanza wakubwa. Mwaka 2007 ilipojulikana kwamba wabunge fulani wana pasipoti za inchi za kigeni, Bunge la taifa liliwapa muda wa kujipanga. Musafishaji wa hoteli hakupewa muda. Ngao inayopitisha mwenye nguvu na kumuzuia mwenye musiba, inchi inakingwa nayo kwa nani?

Njia iko, hata bila kugusa katiba

Inchi nyingi za karibu zilikwisha kuamua. Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya zinakubali mutu awe na uraia wa inchi mbili, na Kenya na Uganda zinawanyima watu hao vyeo fulani vikubwa vya serikali. Kongo ingeweza kufanya hivyo. Kifungu cha 10 hakiko kati ya mambo ambayo kifungu cha 220 kinakataza kubadilisha.

Ila njia hiyo ni ndefu na ina miiba. Kifungu cha 219 kinakataza kurekebisha katiba wakati inchi iko katika hali ya vita ao ya dharura, ao chini ya utawala wa kijeshi ule unaoitwa «état de siège», na Kivu Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya utawala huo tangu mwezi wa tano 2021. Tena, tangu rais Félix Tshisekedi alipotangaza kule Kisangani, mwezi wa kumi 2024, kwamba anataka tume juu ya katiba mupya, kila anayegusa katiba anashukiwa kutafuta muhula mwingine. Shida ya watu wa ngambo haifai kutumikishwa kama chambo katika mabishano hayo.

Kuna njia fupi zaidi. India haikubali uraia wa inchi mbili. Hata hivyo, tangu 2005 inatoa kadi kwa watu wa asili yake waliochukua uraia mwingine: wanaingia bila kuomba viza kila mara na wanaweza kuishi, lakini hawapigi kura, hawashiki vyeo vya utawala, na hawanunui mashamba. Ethiopia nayo inakataza uraia mbili, na tangu 2002 ina kadi ya namna hiyo kwa watu wa asili ya Ethiopia. Hakuna inchi kati ya hizo mbili iliyouza uhuru wake kwa kadi hiyo.

Kongo inaweza kuandika sheria ya kawaida ya «kadi ya asili». Ingetolewa kwa mutu anayeonyesha kwamba yeye ao muzazi wake alikuwa Mukongomani: pasipoti ya zamani, cheti cha kuzaliwa, kadi ya uchaguzi, ao karatasi ya HCR iliyomwandika kuwa Mukongomani. Ingempa ruhusa ya kuingia wakati wowote na kurizi nyumba ya wazazi wake, ndiyo kusema sheria ya ardhi nayo ingeongezewa mustari mumoja. Isingempa kura, wala kiti bungeni, wala cheo katika jeshi. Udanganyifu? Utakuwako, kama unavyokuwako leo kwenye kadi za uchaguzi. Dawa yake ni kuchunguza karatasi vizuri. Kumufungia kila mutu nje si dawa.

Wabunge wa Kivu Kusini na wa Kivu Kaskazini wangepaswa kuwa wa kwanza kuleta sheria hiyo, maana ni majimbo yao yaliyotawanya watu wengi namna hii. Hawatapata kura za watu wa ngambo. Lakini mama na baba za watu hao wanapiga kura Baraka, Uvira, Beni na Butembo, na wanazeeka.

Bwana wa Lexington anajifunza sasa kwa ajili ya mutihani. Anasikiliza maswali kwa simu akiwa ndani ya gari, dakika kumi kabla ya zamu. Bibi anamuuliza jikoni siku ya Mungu, na watoto wanamurekebisha matamshi. Siku atakapopita, atakuwa na ruhusa ya kwenda kusimama mbele ya kaburi la mama yake. Asubuhi ileile atakuwa amekoma kuwa mwana wa inchi iliyomo kaburi hilo.